Muhuri wa Demetria

Bango lilipandishwa Jumatatu. Kufikia Alhamisi, foleni ya watu waliotaka kujua kama damu yao imeganda ilikuwa imetoka nje ya mlango wa kituo, ikampita muuza mihogo, ikafika hadi gereji ya jirani. Demetria aliichungulia kupitia kidirisha cha maabara, akasonya kwa nguvu hata Loveness wa mapokezi akamsikia.

"Dada Demetria, utatufukuzia wateja," Loveness alisema huku akicheka.

"Wateja! Tangu lini mgonjwa akawa mteja? Na hao wengi wao si wagonjwa hata kidogo. Wametishwa na picha."

Picha yenyewe ilikuwa ya mwanamume aliyejishika kifua, macho yamemtoka pima. Juu ya kichwa chake paliandikwa kwa rangi nyekundu: DAMU YAKO INAGANDA? PIMA LEO, KESHO UMECHELEWA. Chini yake: majibu ndani ya dakika ishirini.

Demetria alikuwa mtaalamu wa maabara katika kituo hicho cha binafsi pale Chang'ombe, nyuma ya viwanda. Mwenyeji wa Muleba, umri miaka arobaini na tisa, na lafudhi ya kwao haikuwahi kumtoka ingawa Dar ameifikia akiwa msichana wa chuo. Kwao Kiwalani, alikopanga nyumba na mumewe na watoto wawili, jina la Demetria halijulikani. Ni Mama Editha tu. Kazini alijulikana kwa ukali wa aina moja. Muuguzi akimletea kichupa cha kifuniko cha bluu ambacho damu haijafika kwenye mstari, alikirudisha palepale, hata kama mgonjwa alishalia kwa kuchomwa sindano mara mbili.

"Ndani ya hiki kichupa kuna dawa iliyopimwa kwa damu iliyopimwa," alikuwa akiwaambia. "Damu ikipungua, jibu linakuwa la uongo. Na uongo wa maabara una sahihi yangu."

Kipimo kilichotangazwa kwenye bango kinaitwa D-dimer, na Demetria hakuwa na ugomvi nacho. Ni kipimo kizuri kikitumiwa na mtu anayejua anachokitafuta. Damu inapoganda ndani ya mshipa, mwili huanza kulimega lile donge kidogokidogo, na vile vipande huelea kwenye damu. Kipimo huvihesabu vipande hivyo. Mgonjwa akija na kifua kinachobana, daktari akamuuliza maswali yote, akamkagua miguu, akaona dalili za donge ni chache, kisha kipimo kikarudi chini, basi daktari anaweza kumwambia bila wasiwasi: nenda nyumbani, donge hakuna. Kazi yake ni hiyo, kuondoa shaka. Kikirudi juu, peke yake hakisemi neno la maana, kwa sababu vipande hivyo huongezeka kwa mwenye homa ya mapafu, kwa mjamzito, kwa aliyetoka kupasuliwa, kwa aliyevunjika mfupa, na kwa mtu yeyote aliyekula chumvi nyingi, yaani mzee. Hapo mgonjwa hupelekwa kwenye mashine za picha ili donge lionekane kwa macho. Kituo hakikuwa na mashine hizo. Kilikuwa na kipimo, kilikuwa na sindano za kuzuia damu isigande, na kilikuwa na bango.

Na Dk. Gibson, mwenye kituo, aliyajua yote haya. Hilo ndilo lililomchoma Demetria kuliko mengine yote. Gibson hakuwa kanjanja aliyeokota koti jeupe mtumbani. Alikuwa daktari wa kweli, aliyesoma akaelewa, kisha akaamua kufanya kama hajui.

Wiki ya pili ya bango alikuja Mzee Wilfred.

Huyu alikuwa jirani yake kule Kiwalani, ukuta kwa ukuta kwa miaka kumi na tisa. Mmakonde wa Newala, mchonga vinyago aliyestaafu bila kustaafu, kwa maana kila asubuhi bado alikaa barazani na gogo la mpingo katikati ya magoti. Miaka yake ilikuwa sabini na minne. Siku hiyo alikaa kwenye kiti cha kutolea damu akiwa amejifunga shuka shingoni, anakohoa, uso unang'aa kwa homa.

"Shikamoo, mzee. Umefuata kikohozi au umefuata bango?" Demetria alimuuliza huku akimfunga mkono.

"Marahaba, Mama Editha. Kikohozi ndicho kilichonileta. Bango nimelikuta mlangoni, nikaambiwa tuanze nalo."

Damu ilijaa hadi kwenye mstari. Mashine ikaleta jibu: elfu moja mia nane na arobaini, wakati kiwango cha juu kilichoandikwa kwenye karatasi ni mia tano. Demetria aliitazama namba hiyo, akamtazama mzee kupitia kidirisha. Mtu wa miaka sabini na minne, ana homa siku ya nne, anakohoa makohozi ya manjano. Namba ingekuwa ya chini, hapo ndipo angeshangaa. Alifungua mdomo, akaufunga. Maabara hutoa namba. Maana ya namba ni ya daktari. Hivyo ndivyo alivyofundishwa, na hivyo ndivyo alivyofanya kazi miaka ishirini na minne. Akaandika jina lake chini ya karatasi, akaweka sahihi, akaipitisha dirishani.

Dk. Gibson alimwambia Mzee Wilfred kwamba ana bahati kubwa. "Donge liko kwenye mapafu, mzee wangu. Ungechelewa wiki moja tu, leo tungekuwa tunaongea na watoto wako." Akamwandikia sindano za tumboni, asubuhi na jioni, na dawa za homa pia. Hakumpeleka kwenye picha. Wala hakumuuliza ni dawa gani nyingine anazotumia, na kama angemuuliza angeambiwa kwamba kila siku, kwa miaka mingi, mzee alimeza vidonge vya mgongo alivyonunua duka la dawa, vile ambavyo hukwangua tumbo polepole. Mtu wa tumbo la namna hiyo hachezewi na dawa ya kuzuia damu isigande.

Siku ya kumi na moja, mkewe, Bi Hamida, alimkuta ameanguka mlangoni mwa choo. Alikuwa ametoa choo cheusi kama lami, mikono ya baridi, midomo imekuwa myeupe. Majirani wakampakia kwenye bajaji, wakamkimbiza hospitali kubwa ya serikali. Aliongezewa chupa nne za damu. Walipompiga picha za mapafu hawakuona donge lolote. Waliona nimonia inayoelekea kupona.

Jumamosi iliyofuata Demetria alikuwa uani anafua. Bi Hamida aliingia bila hodi.

"Shikamoo, Bi Hamida. Mzee anaendeleaje? Nilikuwa nimepanga nije kesho saa za kuona wagonjwa."

Bi Hamida hakuitika. Demetria alisimama, povu likimtiririka mikononi, kwa sababu katika miaka yote ile salamu yake haikuwahi kuachwa hewani. Mama huyo alikuwa mtu wa Lindi, Mwislamu, aliyeolewa na Mkristo wa Newala miaka ile ambayo pande zote mbili zilitishia kuwatenga, na tangu hapo hakuona sababu ya kumwogopa mtu. Alifungua pindo la khanga, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Hii sahihi ya nani?"

"Ya kwangu."

"Daktari wa kule kaniuliza, nani kasema mume wako ana damu imeganda? Nikampa karatasi hii. Kaisoma, kanambia, mama, humu hamjaandikwa hivyo, humu mna namba tu. Mie sikusoma, Mama Editha. Wewe umesoma. Siku unaiandika hii namba, ulijua ina maana ya donge?"

Uongo ulikuwepo karibu, mwepesi kushikika. Demetria hakuuchukua.

"Nilijua haina maana hiyo. Kwa mtu mwenye homa, haina."

"Na hukusema."

"Bi Hamida, kazini kwetu mtu wa maabara hamwambii mgonjwa. Daktari ndiye anaye..."

"Sijakuuliza kazi!" Sauti ya mama ilipanda hata watoto waliokuwa wakicheza upenuni wakanyamaza. "Editha alipozaliwa, nani alikuja kumwogesha? Niliuliza kama ni kazi yangu? Mume wangu kaingia kwenye dirisha lako akiwa na kikohozi, katoka akiwa na kifo mkononi, na wewe uko upande wa pili unamwona. Unamwona! Hukusema."

Akaikunja karatasi yake, akaondoka. Demetria alibaki amesimama kando ya beseni. Alitaka kumkasirikia Gibson, na hasira hiyo ilikuwepo, tena ya haki. Lakini kila alipoiita ilimjia ikiwa imeshikana mkono na nyingine, iliyokuwa juu yake mwenyewe.

Kesho yake alikwenda hospitali. Mzee Wilfred alikuwa amelala kwenye kitanda cha pembeni, mikono yake ile mikubwa ya mchongaji imetulia juu ya shuka kama si ya kwake. Demetria alimwambia kila kitu kama kilivyokuwa, pamoja na mdomo wake uliofunguka ukafungwa. Mzee alisikiliza macho yakiwa juu darini.

"Hebu nieleweshe hicho kipimo," alisema mwishoni. "Nataka kujua nilichopigwa nacho."

Demetria akamweleza habari za donge na vipande vinavyomegeka.

"Ni vumbi la mpingo basi," mzee alisema. "Ukiingia barazani kwangu ukakuta sakafu safi, unajua sijachonga. Ukikuta vumbi, unajua nimechonga kitu. Lakini kama ni kinyago, au mwiko, au nimekwangua tu mguu wa meza, vumbi halisemi. Lazima uinue macho ukione chenyewe."

"Ndivyo hasa, mzee."

"Sasa kitu rahisi hivi," alisema, na hapo ndipo sauti yake ilipotetemeka, "yule daktari kilimshinda nini kunambia?"

Jumatatu Demetria alifika kazini kabla ya wote. Kwenye karatasi za majibu pana nafasi chini kabisa, imeandikwa "maoni ya maabara", nafasi ambayo kwa miaka iliachwa tupu. Kuanzia siku hiyo, kila jibu la D-dimer lililotoka likiwa juu aliliandikia: "Kipimo hiki kikiwa juu, peke yake hakithibitishi damu kuganda. Homa, mimba, jeraha, upasuaji na uzee hukipandisha. Mgonjwa apigwe picha kabla ya kuanza dawa."

Haikupita siku tatu. Mwalimu mmoja mstaafu, aliyeketi kwenye benchi akisubiri kumwona daktari, alivaa miwani yake akaisoma sentensi hiyo kwa sauti ya darasani. Benchi zima likageuka. Mama mjamzito wa pembeni akatoa karatasi yake, naye akamwomba amsomee. Maneno yakawa yaleyale. Mama yule aliinuka, akachukua mkoba wake, akaenda zake bila kuchomwa sindano.

Dk. Gibson aliingia maabara mwenyewe, jambo alilofanya mara chache.

"Demetria, nani kakwambia uandike haya?"

"Hakuna, daktari. Nafasi imeandikwa maoni ya maabara. Haya ndiyo maoni ya maabara."

"Wewe ni daktari?"

"Hapana. Wewe ni daktari. Nioneshe neno moja la uongo hapo, nitalifuta sasa hivi."

Gibson aliitazama karatasi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Si suala la uongo. Unawachanganya wagonjwa. Mgonjwa anahitaji kuamini tiba. Ukimtia shaka anaacha dawa, akifa utajibu wewe?"

"Mzee Wilfred karibu afe kwa kuamini, daktari. Chupa nne za damu. Picha ikaonesha hana kitu. Umewahi kwenda kumwona?"

Gibson akageuka, akatoka. Jioni yake fundi wa kompyuta akaja, akaifunga ile nafasi ya maoni isiandikike.

Demetria akaandika kwa kalamu. Aliandika siku mbili mkono ukamuuma, maana karatasi ishirini kwa siku si chache. Siku ya tatu, akitoka kazini, alipitia soko la Tandika, kwa fundi mihuri anayekaa karibu na washona viatu. Fundi akasoma maneno kwenye kipande cha karatasi, akakuna kichwa.

"Sista, hii ndefu. Muhuri watu wanaandikaga IMELIPWA, basi."

"Punguza herufi, usipunguze maneno."

Wakaafikiana maneno kumi na moja: D-DIMER IKIWA JUU PEKE YAKE HAITHIBITISHI DAMU KUGANDA. MGONJWA APIGWE PICHA. Kesho yake muhuri ulianza kazi, wino wa zambarau, unalia tap, tap, tap tangu saa mbili asubuhi. Na karatasi zilizokuwa chini ya kiwango hakuzigonga, kwa maana hizo hazikuwa na deni la maelezo.

Siku hizo ndipo alipokuja Shamimu, binti wa miaka ishirini na mitatu anayefanya kazi kwenye kiwanda cha nyuzi hapo karibu. Kifua kilikuwa kinamchoma upande wa kulia kila akivuta pumzi, na alikuwa amelia njia nzima kwa sababu shoga yake alimtumia simuni sauti ya mtu asiyejulikana anayedai vijana wanaanguka ovyo kwa mabonge ya damu. Alipokewa na Deogratias, tabibu kijana aliyeajiriwa mwaka uliopita, mpole, mwenye tabia ya kusoma daftari lake kati ya mgonjwa na mgonjwa. Deogratias alimuuliza polepole: amewahi kuganda damu? Amefanyiwa upasuaji karibuni? Anakohoa damu? Anatumia vidonge vya uzazi? Ana mimba? Akamkagua miguu yote miwili kama mmoja umevimba. Akahesabu mapigo ya moyo. Mwisho akamuuliza juzi alifanya kazi gani, na Shamimu akakumbuka kwamba walihamisha marobota ya nyuzi tangu asubuhi hadi saa kumi.

D-dimer yake ilirudi mia moja na tisini.

"Dada yangu, hiki kipimo kimefanya kazi yake," Deogratias alimwambia. "Dalili za donge huna, na kipimo kinakubali. Hiyo ni misuli ya kifua imechoka. Meza hizi za maumivu, usinyanyue mizigo siku tano. Ukianza kuhema ovyo au mguu ukavimba, urudi haraka."

Shamimu alicheka na kulia kwa pamoja, akaenda. Demetria aliyasikia yote kupitia ukuta wa mbao, na kwa mara ya kwanza tangu bango lipandishwe alijisikia anafanya kazi aliyosomea.

Mchana Gibson akamwita Deogratias ofisini, mlango wazi, kila mtu akisikia. Kwa nini amemwachia mgonjwa wa kifua aende na vidonge tu? Kwa nini hakumwanzishia sindano za siku tano kwa tahadhari?

"Lakini kipimo kiko chini, daktari."

"Kipimo hukosea."

Demetria alisimama mlangoni. Hakukumbuka ameinukaje kitini. "Kikiwa juu hakikosei, unachoma sindano. Kikiwa chini kinakosea, unachoma sindano. Sasa damu za watu tunazitoa za nini, daktari? Si tuwachome tu kuanzia getini?"

Siku iliyofuata muhuri haukuwepo mezani. Badala yake palikuwa na barua ya kumwita kwenye kikao.

Kikao kilikuwa cha watu watatu: Gibson, Demetria, na Benedicta wa utumishi aliyeandika kila neno bila kuinua uso. Mashtaka yalisomwa. Kuvuka mipaka ya kazi. Kuchafua nyaraka za kituo. Kumdhalilisha mkuu wa kituo mbele ya wafanyakazi.

"Una la kusema?" Benedicta aliuliza.

"Ninalo. Miaka ishirini na minne nimemrudishia muuguzi kichupa kikipungua damu kidogo tu, kwa sababu jibu la uongo linaua. Hakuna aliyeniita kikaoni. Mliniita hodari. Sasa jibu ni la kweli, uongo unaingia likishatoka mkononi mwangu, nikisema, nimevuka mipaka. Mipaka hiyo nani kaichora? Daktari, wewe na mie tunajua kitu kilekile. Tofauti ni kwamba wewe unakijua na bado unalala."

"Angalia maneno yako."

"Nimeyaangalia miaka yote. Ndiyo maana mzee wa watu alimwaga damu chooni."

Alipewa barua ya onyo na siku kumi na nne za kukaa nyumbani bila malipo. Barua ilikuwa na mahali pa kuweka sahihi kwamba ameipokea na amekubali kosa. Aliisukuma mezani ikarudi kwa Benedicta. "Kupokea nimepokea. Kosa sijaliona."

Hakwenda kulia. Alikwenda kwa Bi Hamida.

Mzee Wilfred alikuwa amesharudi nyumbani, amelala ndani. Bi Hamida alikuwa barazani akichambua mchele, akamtazama Demetria akipanda ngazi, hakumkaribisha wala hakumfukuza.

"Nimekuja na kalamu," Demetria alisema. "Kama unataka kulalamika ofisi ya afya ya manispaa, mie nitaandika unachosema. Sitaongeza, sitapunguza."

Bi Hamida aliendelea na mchele mpaka ungo ukaisha. Kisha akaanza kusema, na Demetria akaandika, karatasi mbili na nusu: siku ya kikohozi, bango, sindano, lami ya chooni, bajaji, chupa nne, swali la daktari wa serikali. Walipofika mahali pa karatasi ya majibu, mama alijikatiza.

"Na wewe uandike."

"Niandike nini?"

"Kwamba mtu wa maabara alijua, akanyamaza. Na jina lako."

Kalamu ilisita kidogo tu. Demetria akaandika: mtaalamu wa maabara aliyetoa jibu, Demetria, alijua kwamba namba hiyo haithibitishi donge, na hakusema. Akamsomea. Bi Hamida akaweka dole gumba lake chini, akafuta wino kwenye khanga, kisha akaingia ndani akarudi na kikombe cha chai ya tangawizi, akakiweka mbele ya Demetria.

Wakaguzi wa manispaa walifika siku ya kumi tangu malalamiko yapelekwe, wawili, mwanamke na mwanamume, wenye mabegi ya nyaraka na subira nyingi. Walipekua majibu yote ya D-dimer tangu siku ya bango. Yaliyokuwa juu yalikuwa mia tatu na kumi na moja. Wagonjwa waliopigwa picha, popote pale mjini, walikuwa sita. Waliochomwa sindano walikuwa zaidi ya mia mbili. Walimkuta Deogratias, wakamuuliza, naye akafungua daftari lake akawaonesha majina ya wagonjwa aliolazimishwa kuwaandikia sindano. Mkaguzi mwanamke aliuliza zile alama za zambarau kwenye baadhi ya karatasi ni za nini. Kisha akazisoma mwenyewe.

Bango lilishushwa siku hiyohiyo. Kituo kilikatazwa kumchoma mtu sindano hizo bila picha, na kikaamriwa kuchapa maelezo ya kipimo chini ya kila jibu. Demetria aliitwa arudi kazini. Barua ya onyo haikufutwa, ila haikutajwa tena.

Siku aliyorudi kulikuwa na mkutano wa wafanyakazi wote. Dk. Gibson alisimama mbele na koti lake lililopigwa pasi, akatangaza kwamba kituo, "katika kuendelea kuboresha huduma," kimeona umuhimu wa kumwelimisha mgonjwa, na kwamba yeye binafsi amebuni maelezo mafupi yatakayochapwa kwenye majibu. Akayasoma. Yalikuwa yaleyale ya Tandika, neno kwa neno, hata ile "apigwe picha". Baadhi ya watu walipiga makofi. Deogratias aliangalia viatu vyake. Demetria hakupiga makofi wala hakuinamisha kichwa. Alimtazama Gibson usoni mpaka Gibson akageukia ukutani kutafuta saa. Alikuwa radhi maneno yabaki, hata kwa jina la mwingine, kwa sababu wanaosoma ni wagonjwa. Lakini moyoni ulimwaka moto, na aliuacha uwake.

Kwa Mzee Wilfred, Gibson alituma kapu la matunda kwa mkono wa dereva, bila barua, bila kufika. Bi Hamida alilipokea, akahesabu machungwa mbele ya dereva yote yakatimia, kisha akamrudishia kapu na matunda yake yote. "Mwambie samahani huletwa kwa mdomo, haina maganda," alisema. Mzee hakupata tena nguvu zake za awali. Barazani hukaa saa moja kwa siku, hachongi mpingo, anachonga mbao laini, vijiko na masega. Vidonge vya mgongo ameviacha. Kila mwezi Demetria huenda kumtoa damu kidogo nyumbani, aone kama damu iliyopungua imerudi, na anapomaliza humweleza namba hiyo ina maana gani na haina maana gani, hata kama mzee hajauliza. Bi Hamida siku hizi huitikia salamu. Hajasema kwamba amesamehe, na Demetria hajamuuliza.

Mwezi uliopita Loveness alimwita mapokezi. Fundi alikuwa amekuja na ngazi na bango jipya limeviringishwa kwapani. Demetria alilifungua juu ya kaunta. Safari hii ilikuwa picha ya mwanamke mwenye nywele fupi anayetabasamu, na maandishi ya kijani: SARATANI ZOTE KWA TONE MOJA LA DAMU.

"Kaka, shuka kwanza kwenye ngazi," alimwambia fundi, aliyekuwa ameshaanza kupanda.

Akaliviringisha bango, akalichukua, akaenda nalo hadi ofisini, akagonga mlango wa Dk. Gibson mara tatu, akaingia bila kungoja aitwe.